Walioponea Chupuchupu Waandikwe

Dereva wa bodaboda akigongwa na kufariki barabarani, kuna watu ambao kazi yao ni kuandika. Askari wa usalama barabarani hufika na futi ya kupimia, hupima alama za breki juu ya lami, huchora ramani ya eneo la tukio, huchukua majina ya mashahidi, na jalada hufunguliwa kituoni. Kifo hicho huingia katika takwimu za mkoa, kisha za taifa. Lakini dereva huyohuyo angepishana na lori kwa nafasi ya kiganja, akatumbukia mtaroni na kutoka na mchubuko wa kiwiko, hakuna ambaye angeshika kalamu. Angejipangusa vumbi, angenyoosha kioo cha pembeni kilichopinda, angepiga kiki na kwenda kutafuta hesabu ya bosi.

Habari yake ingeishia kijiweni. Pita kijiwe chochote cha Dar es Salaam mnamo saa nne asubuhi, wakati wafanyakazi wameshafika kazini na abiria wamepungua. Madereva wamekaa juu ya pikipiki zao, wengine wamejilaza kabisa, miguu juu ya usukani. Simba na Yanga zikishazungumzwa zikaisha, maneno huhamia barabarani. Jana pale Ubungo semi imenibana kushoto. Juzi Kimara daladala imenichomekea, goti langu limegusa bampa. Wenzake huguna. Mmoja husema Mungu mkubwa, mwingine husema siku yako ilikuwa haijafika, wa tatu hukumbusha kwamba ajali haina kinga. Kisha simu ya mtu inaita, anavaa kofia yake, anaondoka, na mazungumzo yamekwisha. Kesho yake semi inambana mwingine palepale.

Nimeendesha pikipiki kwa miaka mingi, mjini na safarini, na sijawahi kukutana na dereva mwenzangu ambaye hana mikasa ya aina hii. Kadiri ninavyozidi kuisikiliza ndivyo ninavyoamini kwamba taarifa tunayoihitaji sana kuhusu usalama wa barabara zetu tunayo tayari. Iko midomoni mwa watu, na kila siku tunaiacha ipotee.

Mwaka 1931 Mmarekani H. W. Heinrich, mtumishi wa kampuni ya bima, alichapisha kitabu kuhusu ajali za viwandani. Aliandika kwamba nyuma ya kila ajali moja mbaya kuna ajali ndogo 29, na nyuma ya hizo kuna matukio 300 ambayo hayakumuumiza mtu. Wataalamu waliokuja baadaye wamezihoji sana hesabu zake, na wana haki, maana uwiano wa kiwanda cha Marekani hauwezi kuwa uwiano wa makutano ya Tabata. Lakini wazo lenyewe halijaanguka. Anayekufa leo kwenye kona fulani amepita njia ambayo wengi walishaipita kabla yake, wakafanya kosa lilelile au wakafanyiwa kosa lilelile, wakanusurika. Wale walionusurika wangeulizwa, kona ingejulikana mapema.

Tuanze na kinachotokea katika tukio lenyewe, kwa sababu wengi wanaolizungumzia hawajui lilivyo fupi. Mwaka 1981 Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti ambayo mpaka leo wanaofundisha uendeshaji wa pikipiki huirejea. Timu yake ilikwenda yenyewe kwenye maeneo ya ajali zaidi ya 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, ikapitia pia majalada 3,600 ya polisi. Iligundua kwamba tangu hatari inapojitokeza hadi chuma kinapogonga chuma, kwa kawaida dereva wa pikipiki alikuwa na muda usiofika sekunde mbili.

Hebu zihesabu sekunde hizo ukiwa juu ya kiti. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki inakula karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde ya kwanza inaishia kichwani: jicho limeona, akili haijakubali, vidole bado viko kwenye eksileta. Umebakiwa na mita 17 za kufanya jambo, na jambo hilo huna nafasi ya kulifikiria, utafanya lile ambalo mikono na miguu yako imezoea. Sheria yetu inataka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kwa mwendo huo unakula mita 14 kwa sekunde, na kwa kuwa umbali wa kusimama hukua kwa kasi kuliko mwendo wenyewe, zile kilomita kumi ulizopunguza mara nyingi ndizo zinazotenganisha kushtuka na kuvunjika mguu.

Na mikono na miguu yetu imezoea nini? Imezoea breki ya nyuma. Kijiweni utaambiwa kwamba breki ya mbele ni ya kumpindua mtu, iogope. Imani hiyo haikutoka hewani: ukiibana ghafla kwenye mchanga, au usukani ukiwa umekata kona, kweli utapiga mwereka. Tatizo ni kwamba dereva akikaza breki, uzito wa pikipiki, wake na wa abiria wake humiminika kwenye tairi la mbele, na hilo ndilo lenye nguvu kubwa ya kusimamisha. Anayekanyaga ya nyuma peke yake hulifunga tairi, pikipiki huanza kuserereka kama sabuni kwenye sakafu yenye maji, na anafika kwenye ubavu wa gari akiwa na mwendo karibu uleule. Hurt aliyaona hayo hayo Los Angeles: madereva walikanyaga mno ya nyuma na kuisahau ya mbele. Dawa ni mazoezi. Sehemu iliyonyooka, lami kavu, vidole viwili vinabana polepole kisha vinaongeza, mara nyingi mpaka mkono ujue wenyewe. Wengi wetu tulifundishwa na rafiki kwenye uwanja wa mpira, kuwasha, kubadili gia, kukata kona, basi, jioni ya pili tukaingia barabarani. Kufunga breki kwa dharura hakuna aliyetufundisha.

Katika ripoti ileile kuna jambo jingine ambalo kila mwendesha pikipiki atalitambua. Katika theluthi mbili hivi za ajali zilizohusisha gari jingine, mwenye gari ndiye aliyeingilia haki ya njia ya pikipiki, na sababu kubwa ilikuwa kwamba hakuiona, au aliiona akiwa amechelewa. Gari linatoka barabara ya pembeni. Dereva wake anatazama kulia, anatazama kushoto, anatazama kulia tena, macho yenu yanakutana kabisa, halafu anaingia mbele yako. Ukimfuata kwa hasira ataapa kwamba hakukuona. Kwa muda mrefu niliamini kwamba watu hao wanasema uongo. Sasa sidhani hivyo. Jicho linalotafuta magari hutafuta kitu kipana, na kitu chembamba hupita ndani ya mboni bila kupewa jina. Isitoshe, watafiti wamepima mara nyingi na kukuta kwamba watu hukadiria kuwa kitu kidogo kinachowajia kitachelewa kufika kuliko kikubwa chenye mwendo uleule. Mwenye gari ameona pikipiki, lakini ameihesabu iko mbali. Kuna pia ile nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele, ambayo inatosha kuificha pikipiki nzima na watu wake wawili kwa muda wa kutosha kuua.

Ndiyo maana taa ya mbele inapaswa kuwaka mchana kutwa. Malaysia ililifanya hilo kuwa lazima kwa pikipiki zote mwaka 1992, na uchunguzi uliofuata ulikuta ajali zinazotokana na pikipiki kutoonekana zimepungua kwa karibu asilimia 29. Hapa kwetu jaribu kuendesha mchana taa ikiwaka uone. Kuanzia kijiwe cha kwanza hadi cha mwisho watu watakunyooshea mkono, wakifumba na kufumbua vidole: zima taa, kaka, umesahau taa! Watoto watakuambia, muuza maji atakuambia, dereva wa bajaji atapiga honi kukuambia. Ni wema mtupu. Watanzania hawaachi mtu aharibikiwe betri, wala aondoke stendi ikiwa chini. Hapo watapiga kelele mpaka usikie, na stendi iliyoachwa chini imewaangusha wengi kwenye kona ya kushoto. Natamani wema huohuo ugeuke upande wa pili, tuanze kumnyooshea mkono yule ambaye taa yake haiwaki.

Mjini, mahali panaponitisha kuliko pote ni ubavuni mwa semi. Barabara ya Mandela inabeba mizigo ya bandari kuelekea Ubungo na kutoka hapo kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Taa zikiwa nyekundu, pikipiki hupenya katikati ya magari ili zikae mbele, na zile zisizofika mbele husimama pembeni mwa kichwa cha lori, upande wa kushoto, karibu na tairi. Dereva wa lori amekaa kulia, juu. Kutoka pale alipo hawezi kumwona mtu aliye chini ya dirisha lake la kushoto, hata awe mwangalifu namna gani. Akikata kona ya kushoto, kichwa kwanza kinatanua kwenda kulia, na mwenye pikipiki anadhani amepewa nafasi. Kisha tela linafuata kwa njia fupi, linaibana ile nafasi mpaka inakwisha. Nimewahi kumwona kijana akiiacha pikipiki yake na kurukia kwenye ukingo wa barabara huku tairi za nyuma zikilisaga tangi la mafuta. Alisimama ameshika kofia kwa mikono miwili, hasemi kitu. Dereva wa lori alikuwa ameshafika mbali, hajui kwamba amekanyaga chochote.

Kuhusu njia za mabasi ya mwendokasi nitasema kwa kifupi kwa sababu hakuna cha kujadili. Tangu mabasi hayo yaanze mwaka 2016, kuna waendesha pikipiki wanaoingia humo kukwepa foleni. Kingo ziko pande zote mbili, hakuna pa kukimbilia, na basi likikujia una ukuta kushoto na ukuta kulia. Anayeingia humo na abiria amemchukulia abiria wake uamuzi ambao hana haki nao.

Safarini hatari hubadilika sura. Huko anayetisha anakuja kutoka mbele. Basi linataka kulipita lori, dereva wake anaona pikipiki inakuja kwenye njia yake halali, na badala ya kusubiri anawasha taa kali. Maana ya taa hizo kila mtu anaijua: shuka. Sheria haimtambui mwenye pikipiki kama nusu ya mtu, lakini desturi ya barabara kuu zetu inamtambua hivyo, na madereva wa pikipiki wenyewe wameikubali, wanashuka wenyewe kabla hata hawajawashiwa.

Jambo hilo lilinikuta kwenye barabara ya Segera kwenda Tanga, kabla sijafika Muheza. Ilikuwa mchana, barabara kavu, naenda kwa mwendo wa kawaida, taa inawaka. Basi lilitokea nyuma ya lori la mbao, likaja moja kwa moja, taa zote zinamulika. Nilipoangalia kushoto niliona kile ambacho kila msafiri wa pikipiki anakiogopa: lami imemeguka ukingoni, na kutoka kwenye lami hadi kwenye udongo kuna ngazi ya kina cha kiganja. Ukiishuka ngazi hiyo kwa ulalo, tairi la mbele hukwama na kukurusha. Nilibana breki ya mbele kwa kadiri nilivyoweza pikipiki ikiwa imenyooka, nikaachia, nikasimama juu ya vikanyagio, nikashuka. Upepo wa basi ulinisukuma bega. Pikipiki iliruka, ikayumba kwenye changarawe, ikaenda kusimama karibu na meza ya machungwa.

Mama muuza machungwa alikuwa ameshasimama. Alinipa pole, akaninawisha mikono kwa maji ya chupa, akanimenyea chungwa, akakataa hela. Ndipo akasema maneno ambayo yamenifanya niandike makala haya: "Hapa ndipo wanaposhukia wote, mwanangu. Wewe una bahati, wengi wanalalia pale," akaonyesha kwa kisu mahali palipo hatua chache nyuma yangu. Mama yule alikuwa anajua kila kitu. Alijua kwamba mabasi hutoka nyuma ya malori mahali hapo kwa sababu mlima umekwisha na madereva wanaona sasa wanaweza kupita. Alijua ukingo umemeguka tangu lini. Alijua kwamba jioni, jua likiwa machoni mwa wanaotoka upande mmoja, ndipo hali inakuwa mbaya zaidi. Nilimuuliza kama kuna mtu wa barabara aliyewahi kumuuliza. Alinitazama kama ambaye hakuelewa swali.

Katika usafiri wa anga swali hilo walilazimika kulijibu. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA, safari namba 514, ilikuwa ikishuka kuelekea uwanja wa Dulles karibu na Washington katika hali mbaya ya hewa. Marubani walielewa ruhusa waliyopewa na waongoza ndege kwamba wanaweza kushuka hadi futi 1,800. Mbele yao kulikuwa na mlima. Watu wote 92 waliokuwemo walikufa. Uchunguzi ukafichua kwamba wiki sita tu kabla ya siku hiyo marubani wa shirika la United walikuwa wameielewa vibaya ruhusa ya namna ileile, wakielekea uwanja uleule, wakanusurika kidogo tu. Walisema, na shirika lao likawatahadharisha marubani wake wote. Lakini habari hiyo ilibaki ndani ya nyumba moja, marubani wa TWA hawakuipata. Mwaka 1976 Marekani ikaanzisha utaratibu unaoendeshwa na NASA, ambao rubani, mwongoza ndege au fundi yeyote hupeleka taarifa ya jambo lililokaribia kuwa ajali. Jina lake linafutwa, na hatafutwi ili aadhibiwe. Kinachotafutwa ni kasoro.

Hilo la kutoadhibu ndilo moyo wa jambo lenyewe, na ndilo linalotufanya sisi tushindwe. Dereva wa bodaboda hatapeleka habari ya kuponea chupuchupu kituoni. Huenda leseni yake imekwisha muda. Huenda alikuwa amebeba mshikaki, abiria wawili na mtoto katikati. Huenda pikipiki ni ya mkataba na bima imekatika, na anajua kwamba akiingia na habari ya semi atatoka na faini yake mwenyewe. Askari hawezi kulaumiwa kwa kutekeleza sheria. Lakini lazima pawe na mahali pengine ambapo habari hiyo inaweza kutua bila mwenye nayo kuogopa.

Mahali hapo papo. Karibu kila kijiwe kilichojipanga kina mwenyekiti, katibu na daftari. Humo huandikwa wanachama, zamu, michango ya kumuuguza aliyelazwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na rambirambi za aliyefariki. Nimeyaona madaftari hayo: kurasa za mistari, kalamu ya bluu, majina na elfu mbili mbili. Vijana hawa ambao mji unawasema kila siku kwamba hawana nidhamu wanajua kuandika kila shilingi ya mwenzao aliyeumia. Kinachotakiwa ni ukurasa mmoja zaidi. Mahali, saa, kilichotokea. Jina la dereva si lazima, namba ya pikipiki si lazima. "Njia panda ya sokoni, saa kumi na mbili na nusu jioni, mchanga wa tipa umemwagika kwenye kona, nimeserereka." Baada ya miezi mitatu, mwenyekiti akifungua ukurasa huo ataona mahali pale pale pamejirudia, na hatahitaji mtaalamu kumwambia pana tatizo.

Mengi ya yale yatakayoandikwa yana tiba rahisi. Mchanga kwenye kona unafagiliwa. Tawi linalofunika kibao cha barabara linakatwa. Ukingo uliomeguka unajazwa kifusi na kushindiliwa. Tuta lisilopakwa rangi, ambalo usiku linamrusha mwenye pikipiki kabla hajaliona, linapakwa rangi nyeupe. Mengine yatawahusu wenyewe vijiweni na hayahitaji serikali: mnyororo usio na kifuniko, kwa mfano, ambao unavuta dera la mama aliyekaa upande. Nguo ikishaingia kwenye sprokoti hakuna nguvu ya kuitoa, na inamvuta mwenye nayo kwa nyuma. Kila mwanamke anayepanda bodaboda ama limemtokea au anamjua aliyetokewa, akaokoka kwa sababu kitambaa kilichanika. Kipande cha bati na boliti mbili vinamaliza tatizo hilo. Ni vitu vidogo, lakini lazima pawe na mtu aliyeambiwa viko wapi.

Hivi sasa tunaambiwaje? Kwa msiba. Mtoto anagongwa akivuka kwenda shule, wananchi wanaweka mawe na matawi barabarani, viongozi wanafika, wanaahidi, tuta linajengwa. Msafiri anayejua historia ya mitaa anaweza kuhesabu matuta ya barabara fulani na kukutajia marehemu wa kila tuta. Namna hiyo ya kupanga barabara ni ya kikatili, na sioni sababu ya kuiendeleza wakati tunajua nyingine. Hapahapa Dar es Salaam shirika la Amend, kupitia mradi wake wa SARSAI, limekuwa likikusanya taarifa za watoto walioumia karibu na shule za msingi, likikagua njia wanazopita, kisha likijenga njia za miguu, vivuko na matuta mahali panapohitajika. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Ross, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute kwa kazi zinazobadilisha miji. Kazi ilianza kwa kuuliza watoto wanaumia wapi. Ninachoomba ni hatua moja mbele ya hapo: kuuliza pia wanapokaribia kuumia.

Kofia ngumu siwezi kuiacha, ingawa imeshasemwa sana. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikuta kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Vietnam ilianza kuisimamia kwa nguvu tarehe 15 Desemba 2007, na katika muda mfupi kofia zikawa juu ya karibu kila kichwa. Kigali abiria wa pikipiki hapandi bila kofia, na dereva habebi zaidi ya mmoja. Kwetu kofia ya dereva mara nyingi inaning'inia kwenye kioo au kwenye kiwiko mpaka trafiki aonekane, na ya abiria haipo kabisa. Nitaongeza mambo mawili ambayo hayasemwi. Kofia isiyofungwa mkanda kidevuni huruka kabla kichwa hakijafika chini. Na kofia ambayo imeshapiga lami mara moja kazi yake imekwisha, kwa sababu lile povu gumu la ndani likishabonyea halirudi. Aliyeokolewa na kofia yake aiweke ukutani nyumbani, anunue nyingine.

Najua dereva atakayesoma haya atauliza: nani atausoma ukurasa wa daftari letu? Ni swali la haki. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa na vijijini chini ya TARURA, na usafirishaji wa abiria chini ya LATRA. Ofisi hizo zina wahandisi na wakaguzi waliosomea kazi hiyo, wenye magari na bajeti. Wasichonacho ni macho ya watu wanaopita kila barabara ya mji mara kumi kwa siku, kwenye tairi mbili, wakiusikia kila ufa kwa mikono yao. Mhandisi wa wilaya akipanga kukaa kijiweni asubuhi moja kila mwezi na kupiga picha ya ukurasa huo kwa simu yake, ataondoka na ukaguzi wa barabara ambao hakuulipia.

Wenyeviti wa vijiwe, fungueni ukurasa huo wiki hii, msisubiri barua kutoka ofisi yoyote. Wahandisi wa TANROADS na TARURA, nendeni mkaombe madaftari hayo, na mkienda msiandamane na askari. Na wewe abiria, siku utakaposhuka salama moyo ukiwa bado unadunda kwa sababu ya jambo lililotokea njiani, usiishie kumlipa dereva na kusema Mungu mkubwa. Mshukuru Mungu, kisha mwambie dereva wako aandike ilikuwa wapi, saa ngapi, na gari lile lilifanya nini.